Kitabu Hakikusema Otomatiki

Wiki iliyopita nilikuwa nimeinama juu ya injini ya gari la mteja, tambara mkononi, nikinusa mafuta ya giaboksi nijue kama yameungua. Mama mmoja akapita nyuma yangu akinukia dawa ya kuchua misuli, ile ya kopo dogo yenye kafuri na mnanaa. Harufu mbili zikakutana puani mwangu, dizeli ya injini, ambayo sisi huiita mazutu, na kafuri, nikainua kichwa ghafla na kukigonga kwenye boneti.

"Iko na shida gani, mama?" mteja akauliza kwa hofu.

Nilimwambia gari lake halina shida. Sikumwambia kwamba mwenye shida ni mimi, kwamba nilikuwa nimeshalikagua mara mbili na bado ningelikagua mara ya tatu, kama ninavyofunga mlango mara tatu na kusoma barua mara tatu kabla ya kuituma. Watu hapa Kolwezi huniita kabla ya kununua gari kwa sababu wanasema niko makini. Sikusoma shule ya ufundi. Nilijifunza kwa kitabu kimoja kilicholiwa pembe na panya, na kwa woga. Siamini gari, siamini muuzaji, siamini jibu linalotoka haraka. Tabia hiyo naijua ilianzia wapi, na namjua mtu aliyeilipia.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Kasulo hamhitaji kuelezwa. Wengine wajue tu kwamba katika mtaa wetu watu walichimba kobalti ndani ya lupango zao, yaani viwanja vya nyumba zao, chini ya maturubai, chini ya jiko, hata chini ya kitanda. Shimo likishuka vya kutosha, lilipinda na kwenda pembeni, na hakuna ukuta unaosimama chini ya ardhi. Ungeweza kulala usingizi mzuri juu ya kichwa cha mtu usiyemjua. Jirani alikusalimu asubuhi, nawe ukajibu huku ukitazama kucha zake kama zina udongo mpya. Nyumba ya mbele yetu jiko lake lilizama mchana wa jua kali, na sufuria ya sombe ikiwa bado motoni. Kwa bahati hapakuwa na mtu ndani.

Kwa hiyo Mama aliweka sahani ya maji sakafuni. Ilikuwa sahani ya bati yenye ua jekundu katikati, naye aliijaza hadi ukingoni na kuiweka sebuleni kila jioni. Maji yakitetemeka wakati hakuna anayetembea, maana yake kuna mtu chini. Ndivyo tulivyoilinda nyumba. Mlinzi wa sahani alikuwa mimi, Bijou, mtoto wa kwanza, mwenye miaka kumi, kwa sababu nililala vibaya na nilipenda kuhakikisha mambo. Mama alitoka kabla hakujapambazuka kwenda kuuza chai na mikate pale mabasi ya wafanyakazi wa mgodi yaliposimama. Wadogo zangu walikuwa bado wamelala. Tata, baba yetu, alikuwa nyuma ya pazia la chumba chake na Mama, anavaa kwenda kazini. Mimi nilikaa kwenye mkeka, daftari la miraba magotini, macho kwenye ua jekundu.

Na maji yalitetemeka. Si kila siku mwanzoni, baadaye kila siku. Kwanza nilisikia kupitia mkeka kishindo cha chini kabisa, tu, tu, tu, kama jembe linalopiga gunia, halafu viduara vyembamba vikatokea ukingoni mwa sahani na kukimbilia katikati. Niliandika: *Wanachimba.* Kisha niliita, "Tata! Banachimba tena!" Papo hapo kishindo kilikoma. Niliandika tena: *Wana masikio.* Baada ya muda Tata alitokea akiwa amevaa viatu vyote viwili, akanigusa kichwa.

"Nimesikia, Bijou. Usiogope. Beko mbali."

Lakini hawakuwa mbali, nilijua. Kitu cha mbali hakitetemeshi maji ya karibu. Nilimpa Mama daftari, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, *wanachimba, wanachimba, wanachimba*, na jioni ile alimwambia Tata akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Tata Bijou, mi sitalalisha batoto bangu juu ya shimo ya batu. Utafute namna."

Tata aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mkubwa, dereva wa lori la mgodini, lile ambalo gurudumu lake moja lilipita urefu wa mlango wetu. Wavulana wa mtaa walimwita Tata Benne kwa heshima ya lori hilo, maana benne ndilo jina la malori hayo ya kumwaga udongo. Akasema, "Nitatafuta."

Alichopata ni karavani. Kampuni moja ya watafiti wa madini ilikuwa imeondoka na kuacha nyumba zake za magurudumu, na Tata akapata moja, nyeupe, iliyofifishwa na jua upande mmoja. Ilisimama kwenye uwanja wa kanisa letu na tulikwenda kuiona tukiwa tumevaa nguo za Jumapili. Ndani mlikuwa na jiko la gesi lenye mafiga mawili, kabati zenye vifungo ili zisifunguke njiani, na meza iliyogeuka kitanda. Mpango wake ulikuwa mzuri hata mimi sikuona doa. Tungeikokota hadi barabara ya Dilolo, kwenye ardhi ngumu ambayo hakuna aliyekuwa anaichimba, pale malori ya kwenda mpakani yanapopumzika. Mama angewapikia madereva bukari, ugali wetu, na samaki. Malori yakihamia mbele, nasi tungehamia mbele. Nyumba na mgahawa, vyote juu ya magurudumu manne.

Kilichobaki kilikuwa gari la kuivuta. Liwe la mazutu, Tata alisema, kwa sababu mazutu ina nguvu ya ng'ombe. Liwe la kuvuta magurudumu yote manne, kwa sababu barabara ile ni mchanga wakati wa kiangazi na uji wakati wa mvua. Tuliitikia kwa vichwa sote. Kisha akaongeza, akitazama mahali pengine, "Na likuwe otomatiki."

Hapo ndipo masikio yangu yaliposimama.

Katika kabati moja ya karavani nilikuwa nimekuta kitabu cha Kifaransa kuhusu kukokota. Tata alisoma Biblia ya Kiluba na vibao vya kazini, lakini Kifaransa cha vitabu kilimchosha, basi akanipa mimi. Nilikisoma kwa kamusi ya shule, mwanzo hadi mwisho, mara tatu. Nilijua kwamba gari lazima liwe zito kuliko mzigo wake. Nilijua kwamba karavani inapaswa kulalia kidogo tufe la chuma lililo nyuma ya gari, isining'inie wala isilikandamize. Nilijua hata habari ya kofia ya mafuta: ukiifungua injini ikinguruma na ukaigeuza juu ya tundu lake, ikirukaruka kama kifuniko cha sufuria, injini hiyo imechoka. Kuhusu giaboksi, kitabu kilisema zote mbili zinafaa. Kwa otomatiki kilionya hata uchunge, maana mafuta yake hupata joto kwenye mlima.

Jioni moja Mama alimuuliza Tata kwa nini otomatiki, wakati gari za gia za mkono zilijaa mjini na kila fundi anazijua.

"Kitabu njo inasema," Tata akajibu. "Otomatiki inavuta muzuri kupita."

Nilikuwa nakunywa maji. Nilishusha kikombe polepole. Baba yangu alikuwa amesema uongo mbele ya mtu pekee nyumbani aliyejua kuwa ni uongo, na hakunitazama.

Ningenyamaza kama si Mama Chantal, jirani yetu aliyesuka nywele barazani kwake. Siku hiyo kichwa changu kilikuwa kati ya magoti yake, nikamweleza habari za gari, akaacha kusuka.

"Otomatiki? Tata Benne mwenyewe? Aka! Ile motokari ya kukanyaga na muguu moya tu njo ya banamuke, mwanangu. Dereva mukubwa vile anaitafutia nani?" Akacheka, akaendelea kusuka kwa nguvu zaidi. "Mama yako anajua kuendesha?"

"Hapana."

"Ebu! Basi tunyamaze. Mi nacheka tu, usibebe maneno yangu kwenu."

Niliyabeba. Nyumbani nilifungua daftari kutoka nyuma, upande usiokuwa wa wachimbaji, nikaandika juu kabisa: *Tata.* Naona aibu kuandika haya, lakini bila kuyaandika kumbukumbu hii itakuwa uongo mwingine. Nilinusa mashati ya baba yangu. Yalikuwa na vumbi la mgodi na mazutu, na chini yake harufu tamu ya baridi ambayo Mama hakuwa nayo, kafuri na mnanaa. Sikuwahi kusikia manukato ya namna hiyo, kwa hiyo niliamua ni ya mwanamke tajiri. Niliona kwamba Alhamisi alichelewa kurudi. Niliona kwamba siku hizi alikaa kitini kwa kujitupa na aliinuka kwa kushika meza, nikaandika: *Hataki kukaa na sisi.*

Kisha dereva wa taksi-moto wa pale kona akanisimamisha nikitoka shule.

"Bijou, ambia tata yako, Alhamisi nitachelewa kidogo kumupeleka kwa yule mama ya Musonoi."

"Mama gani?"

Kijana yule alinitazama, akaona kitu usoni mwangu, akawasha pikipiki. "Aa, muulize yeye. Mi niko wa kubeba tu."

Musonoi. Sasa mwanamke alikuwa na mtaa. Usiku ule sikuhitaji kuandika chochote, kila kitu kilijipanga chenyewe kama kwenye kitabu changu: gari la otomatiki, mwanamke wa Musonoi, barabara ya Dilolo. Tata angetuacha juu ya shimo, akakokote karavani yetu nyeupe hadi mpakani, na yule mwanamke mwenye harufu ya mnanaa akiwa ameshika usukani. Mtu mwingine angelia. Mimi nilisoma daftari upya kuhakikisha hakuna kosa.

Magari yaliuzwa kwenye yadi ya Mzee Radjabu, ng'ambo ya barabara kutoka meza ya chai ya Mama. Radjabu alikuwa msafirishaji wa zamani kutoka upande wa Kasongo, Mwislamu mwenye kofia safi kuliko magari yake, na aliwapa chai wateja wote hata wale wasionunua. Nilimshuku kwa sababu ya chai hiyo. Jumamosi hadi Jumamosi Tata alinipeleka pale na kitabu changu, na kila Jumamosi alikataa gari zuri.

Lilikuwa gari la kijivu la mazutu, la mkono, lililotumiwa na masista wa misheni. Niligeuza kofia ya mafuta, ikatulia kama kuku anayelalia mayai. Niliweka leso nyeupe kwenye bomba la moshi, ikabaki karibu nyeupe. Lilikuwa na tufe la kukokotea tayari. Kando yake kulikuwa na la kijani, otomatiki, lenye mkwaruzo mrefu mlangoni, lililokohoa moshi kidogo kila lilipowashwa. Tata alizunguka la kijivu mara moja kwa adabu, kisha akaenda kusimama karibu na la kijani.

"Tata Ilunga," Radjabu alimwambia, "masista walilitunza hili kama altare. Wewe wataka lile linalokohoa?"

"Kukohoa kunapona," Tata akasema.

"Wallahi, nimeuza magari tangu meno yangu yote yalikuwa yangu. Sijaona dereva anayeogopa gari zuri."

Tata alicheka. Mimi sikucheka. Nilitazama mkono wake, ulivyokuwa umeshika mlango wa gari la kijani kama mtu anayeshika ukuta.

Jumamosi ya nne, kabla ya kwenda yadini, nilipita kwanza kwenye meza ya chai. Mama alikuwa anamimina. Nilimwambia yote kwa sauti ndogo: kitabu hakisemi hivyo, shati linanuka, Alhamisi, Musonoi. Chai ilifika ukingoni mwa kikombe na kumwagika, naye bado akamimina.

"Nani amekuambia?"

"Nimeandika."

Alipangusa mikono, akachukua daftari, akasoma upande wa nyuma akiwa amesimama kati ya wafanyakazi waliosubiri mikate. Alisoma hadi mwisho. Aliponirudishia, hakunitazama.

"Enda na tata yako. Nakuja."

Kwa hiyo nilivuka barabara na kumkuta baba yangu, nikatembea naye yadini huku najua anachokwenda kukutana nacho. Aliniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema ndiyo. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kanisani. Aliniambia kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu, "Leo tunamaliza, Bijou. Leo tunaenda nayo."

Mama alikuja na vitenge vyake viwili vimekazwa kiunoni, na nyuma yake, kwa sababu hawakuwa na la kufanya hadi basi lije, walikuja wanaume wengi wenye kofia za kazi. Wengi walifanya kazi zamu moja na Tata, ambaye Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko.

"Gani njo nzuri?" Mama alimuuliza Radjabu.

"Ya kijivu, mama. Sitakudanganya."

"Tata Bijou, nunua ya kijivu."

Tata alijaribu kutabasamu. "Mama, tuliisha kuongea. Ya kukokota ni otomatiki. Kitabu inasema."

"Kitabu inasema?"

"Inasema." Na akanigeukia. Bado nauona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu anayemkabidhi mtu wake mzigo kwa sekunde moja tu apate kupumua. "Bijou, soma pale. Ambia mama yako."

Sijawahi tena kuulizwa swali rahisi kama lile. Nilihitaji kusema neno moja. Nilifungua ukurasa, ambao niliujua kwa kichwa, nikausoma kwa sauti, nikautafsiri pole pole, vizuri, kama kwa mwalimu. Kisha nikafunga kitabu.

"Kitabu hakisemi vile, Tata."

Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Ee, Benne, mutoto amekupiga kadi nyekundu!" Wakacheka, si kwa ubaya.

"Basi panda," Mama akasema. "Panda hii ya kijivu, uendeshe mbele yangu. Hutaki? Basi otomatiki ni ya nani? Ni ya yule mama ya Musonoi?"

Kicheko kilikatika. Radjabu akasema, "Mama, tafadhali, twendeni tukakae," lakini Tata alikuwa ameshafungua mlango wa gari la kijivu.

Alipanda kwa shida, akiingiza kwanza mguu wa kulia. Halafu nikaona kitu ambacho daftari langu halikuwa nacho. Alishika suruali yake juu ya goti la kushoto kwa mikono miwili, akaunyanyua mguu kama mtu anayenyanyua mfuko, akauweka juu ya pedali ya ambreyaje, yaani klachi. Aliwasha. Alikandamiza kwa mkono juu ya goti. Gari likaruka mbele, likazimika. Akawasha tena. Likaruka tena, likagonga rundo la matairi, birika la chai la Radjabu likaanguka na kumwaga chai yote kwenye vumbi. Tata alibaki ameshika usukani, akitazama mbele kupitia kioo, ambako hakukuwa na kitu.

Mama alikwenda mlangoni. Alipiga magoti pale pale kwenye chai iliyomwagika, akamvua kiatu cha kushoto, kisha soksi. Harufu ikatoka, mazutu na vumbi na juu yake kafuri na mnanaa. Mguu ulining'inia kutoka kwenye kifundo kama jani lililokatwa asubuhi. Kisigino kilikuwa na kidonda cha zamani, cheusi ukingoni. Mama alikigusa, na Tata hakushtuka.

"Hausikii?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza." Akasema taratibu, kwa Kiswahili cha mtu anayetoa taarifa kazini. "Ni mugongo. Lori inatingisha, mushipa inabanwa, muguu inalala. Yule mama ya Musonoi ni muzee, anachua. Lori yetu haina ambreyaje, Mama Bijou, ina pedali mbili tu, na zote ni za muguu wa kuume. Kazini hakuna mwenye alijua." Akainua macho, akaona zile kofia zote. "Nilitaka tuhame kwanza. Kisha bajue."

Mkuu wa zamu yake, ambaye alikuwa ameshika mkate wa Mama mkononi, aliutazama mkate ule kama hajui umefikaje pale. Basi lilipiga honi. Wakaondoka mmoja mmoja, wakimgusa Tata begani kupitia dirishani.

Siwezi kusema ni nani aliyepeleka neno kwa daktari wa kampuni. Nilimshuku kila mmoja wao kwa miaka, nikapanga hata majina yao kwa mpangilio wa kushukiwa, mpaka siku moja nilipochoka na kuona kwamba jina la kwanza linalostahili kuwa pale ni langu. Tata aliitwa wiki iliyofuata. Wakamwambia akunje mguu, hakuweza. Akashushwa kwenye lori.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze, ningeandika maneno yake na kuyasoma mara tatu. Siku ile ile yadini, Mama alipomaliza kumfunga kiatu, alisimama, akapangusa magoti na kumwambia Radjabu, "Tunachukua ya kijani." Radjabu akajibu kwamba kikohozi chake atakitibu yeye mwenyewe kabla gari halijatoka, na akafanya hivyo. Tata akanipa leso yake. "Kagua, Bijou," akasema. "Na vizuri." Nilichomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, nikakipangusa kwenye leso. Mafuta yalikuwa mekundu, safi, hayanuki moto. Lilikuwa gari la kwanza maishani nililolikagua likanunuliwa, na sikuona vizuri kwa sababu ya machozi, ndiyo maana nililikagua tena, na tena.

Tulihama Jumatatu moja mchana. Karavani ililala vizuri juu ya tufe lake, nilihakikisha. Tata aliendesha kwa mguu wa kulia peke yake, wa kushoto ukiwa umepumzika pembeni kama abiria. Tulipita Kasulo polepole, watoto wakikimbia nyuma wakipiga kelele, "Nyumba inatembea! Nyumba inatembea!" Mama Chantal alisimama barazani na kitana mdomoni. Sikumpungia mkono. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa umefungwa. Nyumba hiyo bado imesimama mpaka leo, wanakaa watu wengine.

Tulisimama kwenye ardhi ngumu, nyekundu, kando ya barabara ya Dilolo. Mama alipika bukari kwenye mafiga mawili, madereva wawili wa malori wakaja kuuliza kama anauza, akawaambia kesho. Jioni, kabla ya kulala, nilimwona anachukua sahani ya bati yenye ua jekundu, anaijaza maji na kuiweka sakafuni katikati ya karavani. Alipokwisha kuiweka ndipo alipokumbuka. Chini yetu kulikuwa na magurudumu, na chini ya magurudumu hewa, na chini ya hewa ardhi ambayo hakuna aliyekuwa anaitaka. Alicheka kidogo, lakini hakuiondoa. Mazoea.

Alfajiri niliamka kama kawaida yangu. Mara hii Mama hakuwa ameondoka, alikuwa amekaa karibu na jiko akisubiri maji yachemke. Daftari lilikuwa chini ya mto wangu. Nje kulikuwa kimya kabisa.

Kisha nikasikia. Tu. Tu. Tu.

Viduara vyembamba vilitokea ukingoni mwa sahani, vikakimbilia katikati kwenye ua jekundu. Mama aligeuza kichwa. Nikamtazama, akanitazama, na sote wawili tukatazama pazia lililofunika kitanda chao. Chini ya pazia ilionekana miguu miwili mitupu. Wa kulia ulikuwa umetulia. Wa kushoto ulikuwa unanyanyuliwa kwa mikono, kutoka gotini, na kuangushwa sakafuni kwa kisigino, unanyanyuliwa tena na kuangushwa tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua mna mtu ndani.

Nilitoa daftari. Nikafungua upande wa mbele. *Wanachimba*, ukurasa wa kwanza. *Wanachimba*, wa pili. *Wana masikio.* Nilisoma asubuhi zote zile moja moja, na katika kila moja baba yangu alikuwa nyuma ya pazia, akiuamsha mguu wake, na mimi nikipiga kelele, naye akiacha, akivaa viatu, akija kunigusa kichwa. Alijua tangu mwanzo nani alikuwa anatetemesha maji. Na kwa kuwa hakuweza kutuambia, alikubali kutafuta karavani.

Kishindo kilikoma. Mkono wa Tata ukasogeza pazia kidogo. Aliona sahani, akaona daftari, akaona uso wangu. Akafuta kisigino chake kwa kiganja.

"Andika, Bijou," akasema. "Leo pia banachimba."